Lambo la Mama Gladness

Jumapili, 1 Desemba

Daftari hili la jalada gumu nimeletewa na binti yangu Gladness kutoka ofisini kwake Mtumba. Nalisema mapema ili atakayelisoma asidhani nimeliokota. Mimi naitwa Germana. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuzungusha darasa zima. Gladness ameniambia, "Mama, uwe unaandika, usije ukasahau herufi." Basi nitaandika kifuku hiki chote, tangu mvua ya kwanza mpaka tuvune mtama.

Gladness ni mtoto wangu wa pili, na wa kwanza kitongoji hiki kufika chuo kikuu. Asiyeamini akamuulize mwenyekiti Bartolomayo. Kazi yake ni kukagua machimbo. Mtu akitaka kuchimba mawe, mchanga au moramu, karatasi zake zinapita mezani kwa mwanangu. Wanaume wenye matipa kumi wanamwamkia.

Mkubwa ni Abeli, anachomelea mageti kule Kizota, anakuja mwisho wa mwezi. Mkewe Ruthu ndiye ninayekaa naye. Katoka Kibakwe, milimani huko. Kimya, mzito wa mkono, akiosha sufuria moja jua linahama. Sina la kuongeza juu yake.

Jumatano, 4 Desemba

Mawingu yamepita kama wageni wasiotaka kukaa. Korongoni tumefukua mchanga mpaka mkono ukaingia wote ndipo maji yakaonekana. Madumu mawili, asubuhi nzima.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nimepata mgeni. Sebastiani, yule mwenye shimo la moramu.

Shimo lake liko mwisho wa mashamba yetu, upande wa machweo. Miaka minne amechimba pale yale mawe madogo mekundu ya kumwaga barabarani, na nusu ya barabara za Mtumba zimetoka tumboni mwa kijiji hiki. Kina chake, ukisimama chini na kumwita mtu wa juu, sauti yako inarudi imechoka. Kuta zimesimama wima kama za nyumba. Leseni inaisha Desemba hii, na Gladness alinieleza kwamba sheria inataka aliyechimba afukie.

Akashuka kwenye gari, akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", na si Mgogo yule. Kisha akaongeza, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Mama, nimesikia aliyepewa faili langu ni Gladness. Nikasema lazima nije nimwone aliyezaa kichwa kile."

Hapo nikamwita Ruthu alete uji.

Akanywa, akasema, "Kufukia nitafukia, sheria ni sheria. Ila roho inaniuma. Ninyi kina mama mnachimbua mchanga kama kuku, halafu mimi nikafukie shimo ambalo mvua mbili tu linakuwa lambo? Kijiji kikiandika barua kuomba shimo libaki la maji, sheria inaruhusu. Lakini mimi siwezi kulisema hilo. Linatakiwa litoke kwenu."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama na kikombe mkononi. Lambo! Tangu nimeolewa hapa tunaliomba lambo kwa kila mgombea anayekuja na fulana.

Ruthu akasema kutoka mlangoni, "Mama, lambo lina mteremko. Lile ni shimo."

"Wewe na milima yako ya Kibakwe, maji unayajulia wapi? Kwenu yanakufuata mlangoni."

Akanipokea kikombe, akaenda kukiosha.

Jumamosi, 7 Desemba

Mkutano wa kijiji, na Gladness wangu mbele, amevaa ile fulana ya kung'aa ya kazini na viatu vya ngozi vya kufika kwenye kifundo. Alianza kwa kusema wazi kwamba hapa ni kwao, kwamba aliwaeleza wakubwa wake, nao wakamjibu watu ni wachache, aende tu. Nilipenda alivyolisema. Asiyeficha hana cha kufichwa.

Nikasimama mimi. Nilisema mpaka wazee wakapiga makofi. Niliwauliza wanaume ni nani kati yao amewahi kubeba dumu kichwani kutoka korongoni na mtoto mgongoni. Barua ikaandikwa palepale, na sahihi ya kwanza ikawa yangu.

Gladness akasema, "Mimi silipingi lambo. Shimo linaweza kuachwa. Ila kingo lazima zilazwe, pande zote. Ukishuka mita moja, utoke mita tatu, ili hata mtu akiteleza aweze kupanda. Na uzio. Yote kabla ya tarehe thelathini na moja, nije nipime. Bila hivyo, linafukiwa."

Sebastiani akainuka. "Katapila linakuja wiki ijayo, mkaguzi."

Wakati wa kutoka, jirani yangu Stumai alinishika bega. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mjane kama mimi, anaishi ng'ambo ya shimo na punda wake wawili. Tumeteta na kucheka miaka ishirini. "Mama Gladness," akasema, "kwa leo ulivyojisifu, nasikia hata jogoo wako kesho atawika kwa Kiingereza."

"Awike. Kasomeshwa."

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua! Imeanza saa nane mchana, kubwa, yenye upepo. Tumepanda mtama na karanga. Ruthu kapanda mistari mitatu wakati mimi nimemaliza sita. Nimemwambia.

Jumatatu, 16 Desemba

Katapila halijaja. Liko gereji Kizota, amesema Sebastiani kwenye simu. Maji shimoni yamefika magotini.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani nimekaa mbele na Gladness. Watu wanampisha. Abeli naye amekuja na kitenge cha mkewe. Ruthu alitabasamu, na nikagundua sijawahi kuona meno yake yote.

Ijumaa, 27 Desemba

Katapila limekuja! Limefanya kazi kutwa upande wa barabara, upande wetu. Pamelazwa vizuri na uzio umewekwa, ng'ombe anashuka anakunywa anapanda. Upande wa machweo, kwa kina Stumai, bado. Sebastiani ameniambia, "Kesho tunamalizia ule, mama." Nimewatangazia wanawake wote korongoni: mwaka mpya tunakabidhiwa lambo.

Jumapili, 29 Desemba

Jana imenyesha kutwa, leo tena. Katapila limeondoka juu ya trela. Nimempigia Sebastiani. "Tope, mama. Likiingia linazama. Mvua ikikatika siku mbili tu, narudi. Neno langu."

Jumatatu, 30 Desemba

Gladness alikuja kupima. Nilimchinjia kuku, yule jogoo mwenyewe, na nilikuwa nimewaita majirani waje wamwone mwanangu akiwa kazini. Mvua ya manyunyu, ukungu umeficha ng'ambo, dereva wa ofisi anapiga honi kwamba wana kijiji kingine kabla ya jioni. Upande wa barabara walikuwa wameshapita wakaupima, mzuri. Upande wa machweo ni kuzunguka nusu saa kwa miguu kwenye tope.

Akasema, "Ngoja nikimbie nikaone ule upande mara moja."

Nikasema, "Kaa ule. Umelazwa ule. Nimeuona kwa macho yangu."

Akanitazama. "Pande zote, mama?"

"Mimi nimekuzaa, nitakudanganya?"

Akacheka, akavuta karatasi, akaandika huku mkono mmoja una paja la kuku. Ruthu alikuwa ameinama anapuliza moto, akainua kichwa akanitazama, akakiinamisha.

Kesho au keshokutwa mvua itakatika na utakuwa umelazwa. Tofauti ni siku mbili tatu. Sijaona kosa kubwa.

Alhamisi, 2 Januari

Tumekabidhiwa. Sebastiani alikuwepo na barua yake ya ofisi kwamba amemaliza wajibu wake, anawapungia watu nayo kama bango la kampeni. Bartolomayo ameandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao: LAMBO LA MAMA GLADNESS. Wanawake wamepiga vigelegele mpaka ng'ombe wakatimka. Nimeteka dumu la kwanza mimi.

Stumai akasema, "Maji ya hapa tuchemshe vizuri, tusije tukaanza na sisi kujisifu."

Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na furaha hivi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 7 Januari

Mvua. Ugonjwa wa tumbo hakuna, korongoni haendi mtu. Mtama umefika magotini.

Alhamisi, 9 Januari

Ruthu kaniambia anapima ule upande wa machweo. Kuna mgunga mmoja pale juu. Eti siku ya Krismasi alihesabu kutoka kwenye mti mpaka ukingoni hatua ishirini na mbili. Jana kumi na nane.

"Hatua zako ndefu au fupi?" nikamuuliza.

"Ni hizihizi, mama."

"Kafanye kazi."

Jumatatu, 13 Januari

Nimeenda mwenyewe, nikijifanya natafuta mlenda. Nimehesabu kumi na saba. Chini yake ukuta umesimama, mwekundu, umelowa kama nyama. Ukitupa jiwe linazama na maji hayaonyeshi chochote.

Nimempigia Sebastiani. Ana kazi Singida. Mvua ikikatika.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua. Kumi na tano.

Jumatano, 22 Januari

Gladness kapiga simu. Ofisini wamemsifu, faili la kijiji chetu limetolewa mfano kwenye kikao: shimo limegeuzwa lambo, wananchi wameshirikishwa. Kacheka jinsi alivyokuwa akicheka mdogo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema, "Hongera, mwanangu."

Nimweleze nini sasa? Nikisema, yeye ndiye aliyeandika.

Ijumaa, 24 Januari

Nimemkuta Ruthu anaburuta matawi ya miiba kuelekea ng'ambo, mikono inatoka damu. Anajenga uzio peke yake, na alishaanza tangu Jumatano bila kuniambia. Nimemwambia watu watasema Mama Gladness anawanyima maji. Akasema, "Waseme." Neno moja tu. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Nimechukua panga nikakata matawi naye. Yule mtu si mvivu. Anafanya kitu kimoja, anakimaliza, ndipo anashika kingine. Miaka mitatu nimemwita mzito.

Jumatatu, 27 Januari

Miiba imesogezwa. Wenye ng'ombe wamefungua njia.

Alhamisi, 30 Januari

Nilikwenda kwa Stumai kumwomba chumvi, lakini sikwenda kwa ajili ya chumvi. Alikuwa anafunga madumu mgongoni mwa punda.

Nikasema, "Stumai, teka upande wa barabara. Huku kwenu kunateleza."

"Nizunguke nusu saa na maji yako mlangoni? Si wewe uliyesema pande zote zimelazwa? Mbele ya kuku, nilikuwepo, nilikula shingo."

"Ndiyo. Ila mvua…"

"Ila mvua nini? Mama Gladness, leo mbona mnyonge? Mtoto kapandishwa cheo umekosa wa kumsimulia?"

Nikacheka. Akanipa chumvi. Nikaondoka.

Nimeandika haya yalivyokuwa. Nilikuwa na neno mdomoni, nalo lilikuwa dogo: sikuuona. Ningelisema kwa pumzi moja.

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Kumi.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua. Tisa. Nimempigia Sebastiani mara nne. Simu haipatikani.

Jumatano, 12 Februari

Jana sikuandika.

Jana Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa napalilia karanga. Nikasikia sauti ya Ruthu. Sikuitambua kwa sababu sijawahi kumsikia akipiga kelele. Alikuwa anaita, "Kamba! Leteni kamba!"

Nilikimbia. Viatu viliniacha njiani. Nilipofika upande wa barabara niliona ng'ambo mgunga umeinama, na pale palipokuwa na ardhi chini yake pana uwazi tu, na maji yamegeuka uji mwekundu. Punda mmoja yuko juu anatetemeka. Wa pili kichwa chake kilikuwa bado kinaonekana.

Kukimbia kuzunguka ni nusu saa. Mimi nimezunguka, sijui kwa dakika ngapi. Muda wote namwona Ruthu kwa mbali kalala kifudifudi ukingoni, kashusha kamba ya punda, na nywele za Stumai kwenye maji, kitambaa kimemtoka. Kashika kamba. Namwona ameishika! Anavutwa anafika kwenye ukuta, miguu inatafuta pa kukanyaga, udongo unabomoka unamrudisha. Anashika tena. Hapo hakuna pa kukanyaga. Mita moja chini, mita tatu nje. Nilikuwa nalisema hilo nikikimbia, kama sala.

Nilipofika kamba ilikuwa mikononi mwa Ruthu, imelegea.

Wanaume walikuja na kamba ndefu. Huku kwetu hakuna anayejua kuogelea. Nani atajifunza, na wapi? Walimtoa saa nane. Alikuwa ameshika udongo ngumi mbili, na walipomfungua vidole ulikuwa una alama zake zote kumi.

Leo amezikwa asubuhi. Binti yake Joha amefika kutoka Kondoa akiwa amechelewa kumwona uso. Alinikumbatia mimi. Alisema, "Mama alikuwa akisema wewe ndiye ndugu yake hapa."

Kila anayekuja msibani anauliza imetokea wapi. Wanajibiwa: Lambo la Mama Gladness.

Alhamisi, 13 Februari

Sina la kuandika.

Jumapili, 16 Februari

Nimekaa kanisani nyuma.

Jumatano, 19 Februari

Ruthu viganja vimechunika na kamba. Nimempikia mimi, nimemlisha mimi. Alikubali vijiko vitatu, kisha akasema, "Mama, siku ile ya kuku ningesema."

"Ungesema nini, mwanangu?"

"Kwamba haujalazwa. Nilijua. Nilikuona. Nikaona mkwe hawezi kumwambia mama mkwe mwongo mbele za watu."

Nimetoka nje nikakaa kinuni.

Ijumaa, 21 Februari

Gladness kapiga simu. Tume inakuja kijijini Jumanne. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma.

"Mama, Sebastiani anasema upande ule ulilazwa Desemba, mvua ikaula. Ripoti yangu inasema hivyohivyo. Wakiamini hivyo, ni ajali ya mvua. Watamwambia arekebishe kidogo, basi."

"Na shimo?"

"Litabaki."

"Na ikijulikana haukulazwa?"

Akasema, "Ripoti ikifutwa, barua ya Sebastiani inafutwa nayo. Atafukia lote. Nami kazi sina. Na si kazi hii tu, mama. Hakuna atakayenipa faili lingine." Akavuta pumzi. "Siku hiyo nyamaza tu. Nakuomba. Hukunidanganya siku ile, si ndiyo? Uliuona?"

Nikasema mtandao unakatika.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeenda kuhesabu. Mgunga umeanguka, sina pa kuanzia kuhesabu. Wanawake wawili wa ng'ambo walikuwa pale wanateka. Wiki mbili hazijaisha. Wamefunga kamba kiunoni, mwingine kashika mwisho wake. "Tufanyeje, Mama Gladness? Kiu haina matanga."

Jumatano, 26 Februari

Tume ilikaa jana katika darasa la pili la shule ya msingi. Watatu walikuja, mkubwa wao anaitwa Nathan, mzee wa miwani na sauti ya chini. Sebastiani alikuwa amevaa suti. Gladness alikaa peke yake kwenye dawati la watoto, magoti yamemgusa kifuani.

Wanawake wa ng'ambo walisema upande ule haukuwahi kuguswa. Bwana Nathan akawauliza kama wana lolote la maandishi. Sebastiani akainua barua yake. "Mheshimiwa, maneno ni maneno. Mtaalamu wa serikali alikagua akaandika. Tukianza kupinga karatasi kwa maneno ya kisimani, hakuna atakayechimba hata kaburi."

Wengine wakacheka, kweli. Bartolomayo naye akasema anavyokumbuka katapila lilizunguka kote. Hakunitazama.

Bwana Nathan akamgeukia binti yangu. "Tarehe thelathini Desemba ulikagua upande wa machweo?"

Gladness akasema, "Nilikagua."

Ruthu alikuwa kando yangu, mikono imefungwa vitambaa. Hakunisukuma, hakunitazama. Alisogea tu kidogo kwenye benchi, kama mtu anayempisha mwenzake asimame.

Nikasimama.

"Shikamooni. Mimi ndiye Mama Gladness, ambaye jina langu liko kwenye ubao ule. Binti yangu hakupima upande wa machweo. Alikuwa anakula kuku wangu. Alitaka kwenda, nikamkalisha. Aliniuliza, nami nikasema nimeuona kwa macho yangu. Sikuuona umelazwa. Niliuona umesimama. Nilishawaambia watu mwaka mpya tunakabidhiwa lambo, nikaona aibu likichelewa."

Bwana Nathan akavua miwani. "Mama, unajua unachokisema kinamfanya nini binti yako?"

"Najua, baba. Nilimsomesha kwa kukamua alizeti. Najua kuliko wewe."

Sebastiani akasema kwa sauti, "Huyu mama ana uchungu wa msiba, hayuko sawa."

Hapo Ruthu akainuka, mtu wa Kibakwe, akasema, "Yuko sawa. Mimi nilikuwa napuliza moto."

Gladness hakulia. Alinitazama kama anasoma herufi ngeni. Waliondoka naye kwenye gari lao.

Ijumaa, 14 Machi

Barua imefika kijijini. Ripoti imefutwa. Leseni ya Sebastiani haitaongezwa, na anatakiwa alifukie shimo lote kabla ya mwisho wa Mei, udongo wa juu urudi juu, ipandwe miti. Barua nyingine, ya Gladness, sikuonyeshwa. Najua inasema nini.

Wanawake wa upande wetu hawanisalimii. Nimewapa maji na nimewanyang'anya. Wa ng'ambo hawanisalimii pia, na sababu yao ninaikubali.

Jumatatu, 31 Machi

Korongoni tena. Madumu mawili, asubuhi nzima. Ruthu kanibebea langu nusu ya njia bila kuniuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Gladness amerudi nyumbani na begi moja na sanduku la vitabu. Alimkumbatia wifi yake muda mrefu mlangoni. Mimi akaniambia shikamoo. Nikasema marahaba. Anakula kwa Ruthu.

Jumatatu, 5 Mei

Matipa yameanza. Kutwa nzima yanamwaga. Nimeng'oa ule ubao, nilitaka kuuchoma. Bartolomayo kaniambia hakuna haja, watu wameshazoea. Jana nimemsikia dereva akimwelekeza mwenzake kwa simu: "Nyoosha mpaka kwa Mama Gladness, pale alipofia yule mama."

Jumanne, 20 Mei

Tunavuna. Mtama mzuri mwaka huu. Stumai angesema umejisifu mpaka ukazaa.

Joha amekuja kuchukua yule punda aliyebaki. Nilimwambia lile neno, lile dogo ambalo sikumwambia mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kamba ya punda, akaenda. Sikutarajia zaidi.

Jumamosi, 31 Mei

Leo tipa la mwisho limeondoka. Msimamizi wa Sebastiani alikuja hapa na karatasi, anataka mtu wa kijiji aweke sahihi kwamba shimo limejaa na udongo wa juu umerudishwa. Mimi nilikuwa napepeta mtama. Nimeinua macho, nimetazama kule mwisho wa mashamba. Pameinuka, pako sawa, pekundu kutoka huku mpaka ng'ambo.

Gladness alikuwa kwenye kigoda anapukuchua. Nikamwambia, "Limejaa, mwanangu. Naona hata kutoka hapa."

Alisimama akajikung'uta makapi, akaingia ndani. Akatoka amevaa vile viatu vya ngozi, na mkononi ameshika futi. Akamwambia yule msimamizi amshikie mwisho wake, na wakaenda kupima.